Kifaa cha Kusikia cha Mzazi: Lipia Kipimo Kwanza

Sitini na tisini. Kwa mtu anayesikia vizuri, hizo ni bei mbili tofauti. Kwa mzee ambaye masikio yameanza kuchoka, zinaweza kufanana kabisa. Kusikia kunapopungua kwa sababu ya umri, zinazotangulia kupotea ni sauti nyembamba kama s, t, f na sh, huku a, i na u zikibaki. Ndiyo maana mama hukuambia, "Nakusikia, lakini sielewi unasema nini." Kumpigia kelele hakusaidii sana.

Hapo familia hufungua grupu ya WhatsApp, kila mtu anachanga, na mmoja anapewa kazi ya kutafuta kifaa. Ombi letu kwa huyo mmoja ni moja: usitume pesa ya kifaa kabla masikio hayajapimwa.

Kipimo kinaonyesha nini?

Mpeleke mzazi kwenye kliniki ya masikio. Kwanza wataangalia ndani ya sikio. Wakati mwingine ni nta tu imeziba, au kuna maambukizi. Hiyo inatibiwa, na huenda msihitaji kununua chochote.

Kama si hivyo, mtaalamu atampima kwa sauti mbalimbali kwenye chumba kitulivu, kisha atoe audiogramu. Hii ni chati inayoonyesha, kwa desibeli, kila sikio linahitaji nguvu kiasi gani ili lisikie sauti nene na nyembamba. Itisheni nakala. Mnaweza kwenda nayo kwa wauzaji wawili au watatu kulinganisha bei.

Lakini kama kusikia kumepotea ghafla, au sikio linatoa usaha, msingoje mchango ukamilike. Nendeni hospitali mara moja.

Si kila kinachoingia sikioni ni kifaa cha kusikia

Vidude vingi vya bei rahisi vinavyotangazwa mtandaoni ni vya kuongeza sauti tu. Vinapandisha kila kitu: sauti ya mjukuu, honi ya matatu na mlio wa sufuria, vyote kwa pamoja. Kifaa cha dijitali hurekebishwa kufuata audiogramu, kipandishe zaidi zile sauti zilizopotea na kisiguse sana zile ambazo bado ziko sawa. Bila hiyo chati, hata kifaa ghali kinabahatisha.

Na kama kuna ndugu Marekani anayetaka kutuma kimoja, mjue hivi: tangu Oktoba 2022 kule huuzwa dukani vifaa visivyohitaji kipimo, lakini ni vya watu wazima ambao kusikia kwao kumepungua kidogo au kwa kiasi cha wastani. Si vya watoto, na si vya mtu ambaye hasikii karibu kabisa.

Uliza bei yote

Bei ya kifaa si gharama yote. Muulize muuzaji aandike:

- Ni kifaa kimoja au viwili, na ni modeli gani?
- Kukirekebisha kumo ndani ya bei? Na marudio ya baadaye je?
- Kiziba kinachotengenezwa kwa umbo la sikio lake ni pesa ngapi?
- Garantii ni ya muda gani, na kikiharibika kinatengenezewa wapi?
- Kuna siku za kujaribu? Kikimkataa, mnarudishiwa kiasi gani?
- Kinatumia betri za kubadilisha au kinachajiwa?

Swali hilo la mwisho lina hesabu yake. Tuseme betri moja inakaa wiki moja. Masikio mawili yatakula betri 104 kwa mwaka. Zikiuzwa sita kwa pakiti, hizo ni pakiti 18. Nani atazinunua kila mwezi? Amueni mapema. Na msitoe karatasi ndogo iliyobandikwa kwenye betri kabla ya kuitumia. Ikishatoka, hewa inaingia na betri inaanza kuisha hata kama haijawekwa kwenye kifaa.

Mkifika kwa kulipa

- Lipieni kipimo peke yake, mpate risiti yake.
- Lipieni till au paybill ya biashara, si namba ya kibinafsi ya muuzaji. Hakikisheni jina linalotokea ndilo la hiyo kliniki au duka.
- Mkikubaliana kulipa kidogo kidogo, salio la mwisho litumwe siku kifaa kinarekebishwa mzazi akiwepo.
- Msifute ujumbe wa malipo. Garantii ikileta maneno, huo ndio ushahidi wenu.
- Msitegemee kurudisha muamala. Huduma hiyo ni ya pesa iliyoenda kwa namba isiyo sahihi, si ya bidhaa ambayo haijawafaa.

Bakisheni kitu kwenye mchango

Wiki za kwanza mzazi anaweza kulalamika kwamba sauti yake mwenyewe inamshtua, au kwamba vijiko vinapiga kelele. Ni kawaida. Ubongo unazoea sauti ambazo haujazisikia kwa miaka. Aanze na saa chache kwa siku akiwa nyumbani, kisha arudi kwa mtaalamu kukirekebisha tena. Safari hiyo inahitaji nauli na pengine ada. Familia ikimaliza pesa zote siku ya kununua, hiyo safari haifanyiki, na kifaa kinaishia kwenye droo.

Kama mchango wenu hautoshi vyote viwili, chukueni kifaa cha bei ya chini kidogo na mbakishe pesa ya kurudi kliniki.