Kizuri Chajiuza: Kionjo cha Filamu na Deni la Msuko

Utangulizi

Wahenga walinena kuwa kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Watazamaji wa filamu wana ushahidi mwingi wa methali hii. Kwa miaka mingi wamelalamika kwamba kionjo, yaani kile kipande kifupi cha kuitangaza filamu ambacho vijana hukiita trela, aghalabu huwa kitamu kuliko filamu yenyewe. Makala haya yanakusudia kueleza kwa nini hali hii hutokea na jinsi mwalimu wa fasihi anavyoweza kuitumia kufundishia msuko, taharuki na ufaafu wa anwani. Hoja yetu kuu ni kwamba kionjo huahidi bila kudaiwa, ilhali kazi kamili ya sanaa huwa na deni na hupimwa kwa namna inavyolilipa.

Mada hii si ya anasa. Chukua mfano wa mwanafunzi wa Gatuanyaga, mashariki mwa mji wa Thika. Kumbi za sinema ziko mbali naye, nyingi zikiwa Nairobi. Kionjo humfikia mara tu kinapotolewa, kupitia simu ya mzazi au ya kaka yake. Filamu yenyewe humfikia baadaye sana, pengine katika kibanda cha video, au isimfikie kamwe. Huishia kuijadili filamu kwa bidii na wenzake ilhali ameona kionjo tu. Mazoea haya ndiyo anayoingia nayo darasani, ambako huijadili riwaya baada ya kusoma maelezo ya jalada la nyuma na kurasa chache za mwongozo. Akielewa kasoro ya kionjo, atatambua pia kasoro ya usomaji wa aina hiyo.

Kionjo ni nini?

Kionjo ni mkusanyiko wa picha na sauti zilizoteuliwa kutoka katika filamu ili kumvutia mtazamaji aje ailipie. Historia yake huanzia mwaka wa 1913 jijini New York, ambako Nils Granlund, aliyekuwa akishughulikia matangazo ya kumbi za Marcus Loew, alitengeneza tangazo fupi la filamu la kuutangaza mchezo wa jukwaani. Mwanzoni matangazo kama haya yalionyeshwa baada ya filamu kuu. Ndiyo maana jina lake la Kiingereza hubeba maana ya kitu kinachoburutwa nyuma. Baadaye yalihamishiwa mbele kwa kuwa watazamaji walikuwa wakiondoka kabla ya kuyaona. Siku hizi kionjo kirefu cha kawaida huchukua dakika 2 hadi 2 na nusu.

Kwa nini kionjo huishinda filamu?

Zipo sababu nne kuu.

(a) Uteuzi. Mhariri wa kionjo huchagua matukio machache yenye mvuto kutoka katika filamu ya saa mbili. Utani mmoja wa kuchekesha, mlipuko mmoja na chozi moja vyatosha. Sehemu zinazochosha huachwa. Filamu nzima haiwezi kuishi kwa vilele vitupu, kwa kuwa kilele ni kilele kwa sababu tu kuna mabonde kando yake.

(b) Taharuki isiyo na utatuzi. Kionjo huuliza maswali bila kuyajibu. Je, shujaa atapona? Msaliti ni nani? Mtazamaji huyajibu mwenyewe kwa ubunifu wake, na jibu analojitungia humridhisha kuliko lile atakalopewa. Filamu ikifika haina budi kuchagua jibu moja, na hapo majibu mengine yote mazuri hufa.

(c) Mikono tofauti. Aghalabu kionjo hutengenezwa na kampuni nyingine, si na mwongozaji wa filamu. Mfano unaojulikana sana ni wa filamu Suicide Squad ya mwaka wa 2016. Vionjo vyake vilikuwa vya kuchangamsha, vyenye muziki na utani, na vilipokelewa kwa shangwe. Filamu yenyewe ilikuwa na huzuni na giza zaidi. Kwa mujibu wa taarifa zilizochapishwa mwaka huo, studio iliiita kampuni iliyotengeneza kionjo ije isaidie kuihariri filamu ili ifanane na tangazo lake. Matokeo yake yalishutumiwa vikali na wahakiki, ingawa filamu iliuza tiketi nyingi mno. Hapa farasi alifuata mkokoteni.

(d) Ahadi isiyokuwemo. Wakati mwingine kionjo huonyesha kisichopatikana katika filamu. Mwaka wa 1997 watazamaji walionyeshwa kionjo cha Godzilla, ambamo mguu mkubwa ulivunja paa la jumba la makumbusho na kuyaponda mifupa ya dinosau mkali. Kipande hicho kilisisimua wengi. Filamu ilipotoka mwaka wa 1998, tukio hilo halikuwemo. Lilikuwa limepigwa kwa ajili ya tangazo tu.

Suala hili limewahi hata kufika mahakamani. Watazamaji wawili nchini Marekani walishtaki studio iliyotoa filamu Yesterday ya mwaka wa 2019, kwa kuwa mwigizaji Ana de Armas alionekana katika kionjo ilhali sehemu yake ilikuwa imeondolewa katika filamu. Studio ilijitetea kwamba kionjo ni kazi ya sanaa inayosimulia hadithi yake yenyewe. Desemba 2022 jaji aliukataa utetezi huo na kusema kwamba kionjo ni tangazo la biashara, na sheria dhidi ya matangazo ya uongo hukihusu. Swali lililokuwa mbele yake ni lile lile analouliza mhakiki wa fasihi: je, kinachotangulia kazi ni sehemu ya kazi, au ni mnada wake tu?

Mifano ya Afrika Mashariki

Hatuna haja ya kwenda mbali. Katika filamu ya Kenya Nairobi Half Life (2012), iliyoongozwa na David "Tosh" Gitonga, tunakutana na Mwas, kijana wa mashambani anayeuza filamu za mapigano za kigeni. Hazitangazi kwa mabango. Huwaigizia wateja wake mashujaa wote yeye mwenyewe, kwa miguno na miruko, mpaka watoe pesa. Mwas ni kionjo chenye miguu. Ni wazi kwamba wateja wanaburudishwa na Mwas kabla hawajaiona hiyo filamu wanayoinunua.

Filamu hii inakwenda mbali zaidi. Mwas huhamia Nairobi ili awe mwigizaji, akiwa ameliona jiji kwa jicho la ndoto. Siku ya kwanza anaporwa, kisha anatiwa ndani. Jiji lenyewe linageuka filamu isiyolingana na kionjo chake. Hiki ni kinaya cha hali: muuzaji wa ahadi ananunua ahadi. Filamu hii inayahusu maudhui haya haya ya ahadi na uhalisi, na inayalipia kwa ukamilifu.

Mfano wa pili unatoka Wakaliga, kitongoji cha Kampala nchini Uganda, ambako Isaac Nabwana huongoza filamu za mapigano kwa gharama ndogo sana. Mwezi wa Januari 2010 kionjo cha filamu yake Who Killed Captain Alex? kiliwekwa kwenye YouTube, nacho kikatazamwa na mamilioni ya watu ulimwenguni. Wengi wao walikijua kionjo tu. Anwani ya filamu ni swali: nani alimuua Kapteni Alex? Ajabu ni kwamba filamu inamalizika bila kulijibu. Je, mtazamaji ametapeliwa? Wengi hawakulalamika, na sababu yake ina funzo kwetu. Katika filamu nzima inasikika sauti ya msimulizi, VJ Emmie, akitania, akisifu na kutabiri vita vijavyo. Sauti hiyo huyarudia ya kionjo kila dakika, hata burudani ya usimulizi ikachukua nafasi ya jibu. Deni lililipwa kwa sarafu nyingine.

Nchini Kenya usimulizi kama huu unafahamika kupitia kwa DJ Afro, ambaye hutafsiri na kupamba filamu za kigeni kwa lugha ya watazamaji wake. Mwalimu wa fasihi simulizi atamtambua mara moja: huyu ni mtambaji aliyehamia kwenye kibanda cha video. Fomula ya kuanzia ngano, "Paukwa! Pakawa!", ni kionjo pia. Tofauti ni kwamba mtambaji yuko mbele ya hadhira yake. Akiahidi zimwi na zimwi lisije, watoto watamdai papo hapo.

Anwani kama kionjo katika vitabu vya fasihi

Katika fasihi andishi, anwani ndiyo kionjo cha kwanza. Tuangalie kazi tatu zilizowahi kutahiniwa katika shule zetu.

Katika tamthilia ya Kifo Kisimani ya Kithaka wa Mberia, anwani inatoboa siri tangu jaladani. Tunajua kwamba patatokea kifo na kwamba kitatokea kisimani. Kwa kigezo cha kionjo, mwandishi amejiharibia. Hata hivyo, taharuki haipungui. Swali letu huhama kutoka "nini kitatokea?" hadi "nani, na kwa nini?" Tunapogundua kwamba Mwelusi, mpigania haki wa Butangi, anauawa na Gege, ndugu yake mwenyewe, aliyeshawishiwa kwa ahadi ya kumwoa Alida, binti wa mtawala, tunalipwa zaidi ya tulivyoahidiwa. Anwani ilitaja kifo lakini haikutaja usaliti wa damu. Tena Gege mwenyewe ni mhasiriwa wa kionjo, kwa kuwa alipewa picha ya neema ya ikulu akaua kwa ajili yake.

Riwaya ya Siku Njema ya Ken Walibora huchukua anwani yake kutoka katika methali isemayo kuwa siku njema huonekana asubuhi. Msomaji huja akitarajia asubuhi ya raha. Badala yake anakutana na utoto wa Kongowea Mswahili huko Tanga, uliojaa dhiki na msiba wa kufiwa na mama, kabla hajavuka mpaka kuja Kenya kumtafuta baba yake. Kwa muda mrefu anwani huonekana kama kinaya. Mwandishi ameahidi kisha akachelewesha malipo kwa makusudi, na ucheleweshaji huo ndio unaomfanya msomaji afungue ukurasa unaofuata.

Katika Kidagaa Kimemwozea, ya Walibora pia, dhana ya kionjo imo ndani ya mhusika. Mwalimu Majisifu anasifika kuwa mwandishi, ila kitabu kinachompa sifa ni mswada wa Amani aliouiba. Jina lake ni tangazo la kazi ya mtu mwingine. Wahenga walisema debe tupu haliachi kuvuma, na Walibora amempa mhusika huyu jina la majazi linalotuonya mapema.

Hatari kwa mtahiniwa

Maelezo ya jalada la nyuma, muhtasari na mwongozo ni vionjo vya kitabu. Si vibaya kwa nafasi yake. Hatari hutokea mwanafunzi anapoyachukua kuwa ndiyo kitabu. Mwongozo, kama kionjo, huteua vilele na kuacha mabonde. Bahati mbaya ni kwamba mtahini hupenda mabonde. Swali la dondoo katika karatasi ya 102/3 humtaka mtahiniwa aeleze muktadha: msemaji, msemewa, mahali na sababu, kwa alama 4. Dondoo lenyewe huweza kutoka katika mazungumzo madogo ambayo hakuna mwongozo uliyoyanukuu. Mtahiniwa aliyeonja tu hujua nani alikufa lakini hajui nani alisema nini njiani kuelekea kifo hicho. Alama za mbinu za lugha humpotea pia, kwa sababu muhtasari husimulia tukio kwa maneno ya mwandishi wa muhtasari.

Zoezi la darasani

Mwalimu anaweza kuendesha zoezi hili katika vipindi viwili, bila kuhitaji mitambo:

1. Kabla ya kusoma kitabu, wanafunzi waichambue anwani, picha ya jalada na maelezo ya jalada la nyuma, kisha waorodheshe ahadi tano wanazoziona.

2. Wakati wa kusoma, waandike kando ya kila ahadi sura au onyesho ambapo imelipwa, imecheleweshwa au imevunjwa.

3. Baada ya kusoma, kila kundi litunge kionjo cha sentensi sita kwa kitabu hicho, bila kutoboa utatuzi na bila kuahidi kisichokuwemo.

Zoezi la tatu ni gumu kuliko linavyoonekana, na mwanafunzi ambaye hakusoma kitabu hujulikana mara moja.

Swali la mfano: "Anwani ni ahadi ambayo mwandishi lazima ailipe." Thibitisha ukweli wa kauli hii kwa kurejelea tamthilia uliyoisoma (alama 20). Mtahiniwa aeleze kwanza anachoahidiwa na anwani, kisha aonyeshe kwa matukio mahususi namna ahadi inavyotimizwa kupitia kwa wahusika, maudhui na msuko. Asisimulie hadithi nzima. Kila hoja ifungamanishwe na anwani.

Hitimisho

Kionjo kikiishinda filamu, tusikilaumu kionjo kwa kuwa kitamu. Kimefanya kazi yake ya kuita. Lawama ni ya filamu iliyoshindwa kulipa na ya mtazamaji aliyedhani kwamba kuonja ni kushiba. Mwandishi bora huahidi kidogo akalipa kingi, kama tulivyoona kisimani Butangi. Msomaji bora naye hukidai kitabu deni lote, ukurasa kwa ukurasa, wala hatoki mezani baada ya tonge la kwanza.