Santuri za Krismasi: Hazina ya Ukambani inayoyoyoma

KILA mwezi wa Desemba unapowadia, mabasi yanayotoka Nairobi na Mombasa hujaa wasafiri wanaoelekea Kitui na Makueni. Huu ndio msimu wa mvua za vuli, tegemeo kuu la wakulima wa Ukambani, na pia ndio wakati wa jamaa zilizotawanyika kukutana tena. Katika miaka ya sabini na themanini, sherehe hizo zilikuwa na mgeni mwingine wa heshima: gramafoni ya betri na rundo la santuri.

Santuri hizo sasa zimekuwa adimu. Nyingine zimepindwa na joto chini ya mabati, nyingine zimechunika kwa sindano butu, na nyingi zimetupwa baada ya mwenyewe kufariki. Wapenzi wa muziki wa zamani wanaozitafuta, kuzisafisha na kuzinakili kwa kompyuta wanashindana na wakati.

Ni vyema kutofautisha aina mbili za santuri za Krismasi. Aina ya kwanza ni zile zilizotoka ng'ambo. Albamu ya nyimbo kumi na mbili za Krismasi aliyoitoa Mmarekani Jim Reeves mwaka wa 1963, pamoja na ile ya kundi la Boney M. ya mwaka wa 1981, zingali zinasikika nchini Kenya kila mwisho wa mwaka. Hizo hazina hatari ya kupotea, kwani zilichapishwa kwa wingi duniani kote na kutolewa upya mara kadhaa.

Aina ya pili ni santuri za humu nchini, ziwe za kwaya za makanisa au za bendi zilizoimba kwa Kikamba na Kiswahili. Hizo ndizo zinazowakosesha usingizi wakusanyaji, kwa sababu nakala moja inayovunjika huenda ikawa ya mwisho.

Imani ya Kikristo ina mizizi mirefu katika eneo hili. Mmishonari Johann Ludwig Krapf alifika Kitui mwaka wa 1849. Mnamo Desemba 1895, kundi la Africa Inland Mission lililoongozwa na Peter Cameron Scott lilianzisha kituo chake cha kwanza Nzaui, katika eneo ambalo sasa ni kaunti ya Makueni. Wamishonari walileta tenzi za Ulaya na Marekani zilizotafsiriwa kwa Kikamba, huku wakipinga ngoma nyingi za kienyeji.

Kwa sababu hiyo, Krismasi ya Ukambani ilikuwa na sauti mbili. Kanisani palikuwa na kwaya. Nje ya kanisa, usiku, palikuwa na dansi iliyochangamshwa na magitaa ya benga. Peter Mwambi na Kyanganga Boys, Onesmus Musyoki na Kalambya Boys, pamoja na Kakai Kilonzo na kundi lake la Kilimambogo Brothers, ni miongoni mwa waliovuma wakati huo. Kilonzo, aliyefariki mwaka wa 1987, aliimba pia kwa Kiswahili na hivyo akapata mashabiki mbali na Ukambani.

Kazi zao nyingi zilitolewa katika santuri ndogo za inchi saba, zinazozunguka mara 45 kwa dakika. Upande mmoja haukutosha wimbo mrefu wa benga, hivyo mara nyingi wimbo uligawanywa: maneno upande wa kwanza, na magitaa yakichacha upande wa pili. Watayarishaji na wauzaji wengi walikuwa na maduka yao katika barabara ya River Road jijini Nairobi.

Je, kwa nini zile za Krismasi ni adimu zaidi kuliko nyingine? Jibu liko katika biashara. Wimbo wa mapenzi huweza kuuzwa mwaka mzima, lakini wimbo wa Krismasi hauna soko tena Januari ikifika. Mfanyabiashara hakuwa na sababu ya kuchapisha nakala nyingi. Kisha, katika miaka ya themanini, kanda zilichukua nafasi ya santuri. Nyimbo zilizovuma zilihamishiwa kwenye kanda hizo, ilhali za msimu ziliachwa nyuma.

Hata hivyo, thamani ya santuri hizi haijasahaulika kabisa. Duka la Jimmy Rugami katika soko la Kenyatta, Nairobi, limejulikana kwa miaka mingi kama kimbilio la wapenzi wa santuri. Shirika la Ketebul Music limeandika na kurekodi historia ya benga. Mwaka wa 2013, kampuni ya Soundway ya Uingereza ilitoa mkusanyiko uitwao Kenya Special, wenye nyimbo zilizotoka kwenye santuri za zamani za Kenya.

Kwa aliye na santuri nyumbani, hatua ya kwanza ni kuihifadhi vyema. Santuri husimamishwa wima kama vitabu rafuni, mahali penye kivuli. Zikilazwa moja juu ya nyingine, uzito na joto huzipinda. Vumbi huondolewa kwa kitambaa laini kilicholowa maji safi kidogo, kwa kufuata mzunguko wa mifereji na bila kulowesha karatasi ya katikati. Zile za zamani zaidi, zinazozunguka mara 78 kwa dakika, huvunjika upesi, huhitaji sindano pana zaidi, na hazifai kupakwa spiriti kwa kuwa huziharibu.

Wakati wa kunakili, sauti huhifadhiwa kwanza katika faili kamili isiyopunguzwa ukubwa. Nakala ndogo ya kutumiana kwa simu hutolewa baadaye kutoka kwa faili hiyo. Pande zote mbili hunakiliwa, na karatasi ya katikati hupigwa picha, kwani humo ndimo mlimo jina la mtunzi, bendi, kampuni na nambari ya toleo. Majina ya Kikamba huandikwa jinsi yalivyo kwenye karatasi hiyo, hata kama tahajia inaonekana kuwa na kasoro. Wahenga walisema, mali bila daftari huisha bila habari.

Suala linalozua utata ni kusambaza. Chini ya Sheria ya Hakimiliki ya 2001, haki katika rekodi ya sauti hudumu miaka 50 kuanzia mwisho wa mwaka ilipotengenezwa. Rekodi ya 1974, kwa mfano, ilimaliza muda wake mwishoni mwa 2024. Lakini utungo wenyewe hulindwa maisha yote ya mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake. Kwa hivyo tungo za Kakai Kilonzo zitaendelea kulindwa hadi mwisho wa 2037.

Maana yake ni kwamba kuwa na santuri si sawa na kumiliki wimbo. Kunakili kwa matumizi ya kibinafsi ni jambo moja, na kuutangazia umma wimbo huo, hata bila malipo, ni jingine. Wanamuziki wengi wa enzi hiyo hawakufaidi jasho lao, na kuwapita watoto wao sasa ni kurudia dhuluma ile ile. Njia ya busara ni kutafuta familia ya mtunzi, kuomba idhini na kuikabidhi nakala. Mara nyingi familia yenyewe haina hata santuri moja ya mzee wao.

Desemba ndiyo fursa bora ya kazi hii. Wazee huwa nyumbani, vijana wenye simu na kompyuta huwa wamerejea, na sanduku la kale huweza kufunguliwa mbele ya wote. Aliyecheza wimbo huo akiwa kijana ndiye anayeweza kueleza nani aliimba, wapi, na kwa nini. Santuri inaweza kungoja mwaka mwingine, lakini kumbukumbu ya mzee huyo huenda isingoje.