Maji Kidogo Yanayoshika Ukuta

Ukuta wa udongo husimama kwa sababu ya maji. Kwa mtu wa Naliendele, mkoani Mtwara, aliyezoea kuona kiambaza kikimomonyoka kila msimu wa mvua, maneno haya ni ya kushangaza. Lakini mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Durham, Uingereza, walichapisha vipimo vya udongo ulioshindiliwa, nao walionyesha kwamba sehemu kubwa ya nguvu zake hutoka kwenye unyevu mdogo unaobaki katikati ya chembe. Unyevu huo huzivuta chembe zikakumbatiana, na kadiri ukuta unavyokauka ndivyo mvuto unavyozidi. Mtoto anayejenga kwa mchanga pale ufukweni Mtwara ameshaliona jambo hili: mchanga mkavu humwagika, uliolowa chepechepe huporomoka, wenye unyevu kidogo husimama. Chembe za udongo wa mfinyanzi ni bapa na hazifiki hata milimita 0.002, hivyo maji yaliyojibana kati yake huvuta kwa nguvu nyingi zaidi, wala jua la Septemba haliyamalizi.

Kwa hiyo inawezekana kabisa kuinua nyumba ya udongo mtupu, uliokanyagwa pamoja na nyasi kavu kisha ukapangwa tabaka juu ya tabaka, bila nguzo wala fito. Naipenda njia hii kwa sababu moja zaidi: mchwa hawapati kiunzi cha kutafuna ndani ya kuta. Paa la miti bado wanaweza kulifikia, kwa hiyo nyumba iendelee kukaguliwa.

Tatizo la Naliendele ni udongo wenyewe. Ardhi hii ya mchanga mwekundu, ambako kituo cha taasisi ya utafiti wa kilimo, TARI, kimejenga sifa yake kwa korosho, huufaa mkorosho kwa kuwa haituamishi maji. Mjenzi huipata ina mfinyanzi haba. Dawa iko kwenye kichuguu, maana mchwa hupandisha chembe laini kutoka chini na kuzigandisha. Changanya, kisha pima. Jaza udongo nusu ya chupa angavu, ongeza maji na chumvi kidogo, tikisa, iache mpaka kesho. Mchanga utalala chini, vumbi laini katikati, mfinyanzi juu. Mfinyanzi ukiwa kama sehemu moja ya tano, mchanganyiko unafaa. Ukizidi sana, ukuta utapasuka unapokauka; nyasi husaidia kuigawa mipasuko iwe midogo.

Ukishaelewa kwamba maji kidogo hushika na maji mengi huachia, utajua kwa nini msingi wa mawe uinuke juu ya matone yanayoruka na kwa nini upenu uwe mrefu. Utajua pia kwa nini lipu ya saruji huudhuru ukuta wa udongo: ikipata ufa, maji huingia yakakosa pa kutokea. Chokaa, ambayo mafundi wa Mikindani waliitumia kwa karne nyingi, huuacha ukuta upumue.

Lakini ramani ya nchi kame isinakiliwe hapa. Tembe la Wagogo, lenye paa bapa la udongo, linawezekana Dodoma kwa sababu mvua ni haba. Ukuta mnene, wa sentimita 40 hivi, huchukua saa nyingi kupitisha joto la mchana, likafika ndani usiku. Penye usiku wa baridi hiyo ni neema. Pwani ya Mtwara usiku ni wa fukuto, na joto hilo humkuta mtu kitandani. Kwa hiyo kuta za vyumba vya kulala zipate kivuli cha baraza mchana kutwa, na madirisha makubwa yatazamane ili upepo upite.

Na mbu? Anofelesi, mbu wanaoeneza malaria, wengi hupenya kwenye uwazi ulio kati ya ukuta na paa. Nchini Gambia, utafiti uliochapishwa mwaka 2009 ulionyesha kwamba nyumba zilizowekewa nyavu, au dari ya wavu tu, zilipata mbu pungufu kwa karibu nusu, na watoto wenye upungufu wa damu walikuwa wachache zaidi. Vijijini Mtwara kwenyewe zimejengwa nyumba 110 za majaribio, za ghorofa moja, zenye kuta za wavu na vyumba vya kulala juu, ili kupima afya ya watoto. Gharama yake ni kubwa kwa wengi wetu, ila wavu na mlango unaojifunga wenyewe vinaingia hata kwenye nyumba ya udongo.

Anza kukanyaga tope Mei, mvua zikikatika. Inua kimo cha mkono mmoja, acha kikauke, ndipo uongeze. Ukienda hivyo, kuta zitakuwa zimekamilika Oktoba, minada ya korosho inapofunguliwa na fedha ya bati kupatikana, kabla ya mvua za Desemba.