Bachar Houli: Mwanamichezo Mwislamu wa Australia, na funzo kwa wazazi wa Bukoba na Muleba

SIFA zote njema anastahiki Allah (SW), Mola wa walimwengu wote, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (SAW), pamoja na aali zake na maswahaba zake.

Ama baada ya hayo. Ndugu msomaji, lipo jambo ambalo limekuwa likizigawa familia zetu kimya kimya. Kila jioni, katika viwanja vya shule kuanzia Bukoba mjini na Kemondo hadi Kamachumu, Nshamba na Muleba mjini, watoto wetu wanacheza mpira hadi giza linapoingia. Miongoni mwao wapo wenye vipaji vya kweli. Wameiona timu ya Kagera Sugar ikicheza mechi za Ligi Kuu katika uwanja wa Kaitaba kwa miaka mingi, hadi iliposhuka daraja mwishoni mwa msimu wa 2024/25, na wamefahamu kwamba mpira ni kazi inayolipa mshahara na kujenga nyumba ya mama. Mtoto anaporudi nyumbani na kusema anataka kuifanya kazi hiyo, wazazi hugawanyika. Wapo wanaomkataza kabisa, kwa kuhofia kwamba mpira utamtoa katika swala na kumtia katika ulevi na kamari. Na wapo wanaomwachia aende zake, kisha wasiulize tena analala wapi, anaswali au haswali, na amesaini karatasi gani.

Makala haya yanamtazama mtu mmoja aliyeifanya kazi hiyo ya mpira kwa misimu 15, katika nchi ambayo Waislamu ni wachache, naye akabaki anajulikana kwa dini yake. Jina lake ni Bachar Houli, wa Australia. Kwa sensa ya mwaka 2021, Waislamu wa Australia walikuwa asilimia 3.2 tu ya watu wote wa nchi hiyo. Ikiwa yeye aliweza huko, ni vyema tukajiuliza aliwezaje, kwani huenda yapo tunayoweza kuyachukua.

Mchezo wenyewe ulivyo

Mpira alioucheza Houli si huu tuujuao. Ni mpira wa miguu wa Australia, ambao kanuni zake za kwanza ziliandikwa mjini Melbourne mwaka 1859. Uwanja wake una umbo la yai, na mpira wenyewe pia una umbo la yai. Kila timu huwa na wachezaji 18 uwanjani. Mchezaji huruhusiwa kuudaka mpira kwa mikono na kukimbia nao, lakini haruhusiwi kumrushia mwenzake. Hana budi aupige kwa mguu au auchape kwa ngumi. Katika kila mwisho wa uwanja husimama milingoti minne. Mpira uliopigwa kwa mguu ukapita katikati ya milingoti miwili mirefu huleta pointi sita, na ukipita pembeni yake huleta pointi moja. Mchezo una vipindi vinne, na viungo ndio wanaokimbia zaidi ya wengine, kwani kazi yao ni kuutoa mpira nyuma na kuupeleka mbele bila kupumzika.

Houli alikuwa mchezaji wa mguu wa kushoto, aliyecheza kiungo cha pembeni na pia nyuma pembeni. Sifa yake kubwa ilikuwa mbio na pasi ndefu zisizopotea.

Alivyoanza

Alizaliwa Mei 1988 katika familia yenye asili ya Lebanoni. Huko Australia klabu huchagua vijana kwa zamu, na mwishoni mwa mwaka 2006 klabu ya Essendon ikamchagua yeye. Akaanza kucheza ligi kuu mwaka 2007. Hutajwa kuwa ndiye Mwislamu wa kwanza mwenye kushika ibada zake waziwazi kucheza katika ligi hiyo. Kabla yake walikuwapo wenye asili ya Kiislamu, lakini yeye ndiye aliyelifanya suala la swala kuwa jambo la kuzungumzwa klabuni.

Mwanzo haukuwa mwepesi. Katika misimu minne Essendon alicheza mechi 26 tu, idadi ambayo mchezaji wa kudumu huimaliza kwa msimu mmoja na kidogo. Vijana wetu wanaodhani kwamba ukishavaa jezi mambo yamekwisha, na walizingatie hili. Mwishoni mwa mwaka 2010 aliondoka, akachukuliwa na klabu ya Richmond. Huko alikaa hadi alipostaafu mwaka 2021, akiwa amecheza mechi 206 za Richmond, na jumla ya mechi 232 katika ligi. Mwaka 2019 aliteuliwa katika kikosi bora cha nchi nzima.

Swala na Ramadhani

Richmond walitenga chumba cha swala katika makao yao ya mazoezi. Baadaye, katika miaka ya 2010, vyumba vya swala vikawekwa pia katika viwanja vikubwa vya nchi hiyo, ukiwamo uwanja wa Melbourne unaochukua watu wapatao 100,000. Wapo walionung'unika, lakini vyumba vilibaki, na mashabiki Waislamu wakapata mahali pa kuswali wakati wa mechi badala ya kujibanza kwenye ngazi na maegesho ya magari.

Msimu wa mchezo huo huanza Machi na kumalizika Septemba. Katika miaka yote ambayo Houli alicheza, Ramadhani iliangukia ndani ya msimu: mwaka 2007 ilianza Septemba, mwaka 2012 Julai, na mwaka 2021 Aprili. Hakukuwa na mwaka ambao angeweza kuikwepa. Ilimbidi mwajiri, kocha na daktari wa timu wajue mapema kwamba yupo mchezaji anayefunga, na ratiba ya mazoezi na chakula ipangwe kwa kulijua hilo.

Hapa ndipo penye kiini cha maneno yetu. Dini ya Houli haikujulikana klabuni kwa kushtukiziwa. Mtu anayesema tangu siku ya kwanza kwamba yeye huswali na hufunga, huwapa wenzake nafasi ya kujipanga. Anayenyamaza siku ya kusaini, kisha akataka ruhusa siku ya mechi, hujitia katika mashaka yeye mwenyewe na kuwafanya wengine wadhani dini ni kisingizio cha uvivu.

Tulitazame jambo hili kwa saa za kwetu. Mechi nyingi za Kaitaba zimekuwa zikianza saa 10 jioni. Kwa kuwa Kagera iko magharibi ya mbali, jua letu huchelewa kuliko la Dar es Salaam, na Alasiri ya Bukoba huingia baina ya saa 10 na saa 10 na nusu hivi, kutegemea majira. Mechi humalizika karibu saa 12, na Magharibi huingia karibu saa 1. Kwa hiyo mchezaji anao muda wa kuiswali Alasiri yake baada ya mechi, madhali ipo sehemu ya kutawadha na hapana mtu wa kumkimbiza kwenye basi. Anachohitaji ni dakika 10 na mkeka, na kocha aliyekwisha kuambiwa.

Kosa la mwaka 2017

Ndugu msomaji, isidhaniwe kwamba tunamsimulia mtu asiyekosea. Mwishoni mwa Juni 2017, siku zile zile ambazo Waislamu walikuwa wanaimaliza Ramadhani na kusherehekea Idd el Fitr, Houli alimpiga mkono wa kichwani mchezaji wa Carlton, Jed Lamb, akaanguka na kupoteza fahamu. Shauri likapelekwa mbele ya baraza la nidhamu la ligi.

Kilichotokea huko kilizua mjadala mkubwa nchini humo. Upande wa Houli ulieleza tabia yake njema na kazi zake katika jamii. Yaliletwa maneno ya sifa kutoka kwa Malcolm Turnbull, aliyekuwa Waziri Mkuu wakati huo, na kutoka kwa mtangazaji mashuhuri Waleed Aly. Baraza likamfungia mechi mbili tu. Wengi wakauliza: je, aliyeumizwa ameumia kidogo kwa sababu aliyempiga ni mtu mwema? Ligi yenyewe ikakata rufaa, na baraza la rufaa likaongeza adhabu kuwa mechi nne. Houli akaitumikia.

Waislamu tunalo fundisho la zamani katika mlango huu. Imepokewa katika Sahihi za Bukhari na Muslim habari ya mwanamke wa ukoo wenye heshima wa Makhzum aliyeiba. Watu wake walimtuma Usama bin Zayd, kipenzi cha Mtume (SAW), akamwombee asiadhibiwe. Mtume (SAW) akaukataa uombezi huo kwa hasira, na akabainisha kwamba hata binti yake mwenyewe asingeachiliwa. Wizi na mpira ni mambo mawili tofauti, lakini msingi ni ule ule: sifa njema ya mtu haipunguzi haki ya mwenzake aliyeumia. Mtoto wetu anayeswali akimvunja mwenzake mguu kule Muleba, swala yake isifanywe ngao. Yeye ndiye wa kwanza kutakiwa kwenda kuomba radhi, kwa sababu watu wanaitazama dini kupitia kwake.

Ubingwa, na aliyoyaacha

Miezi mitatu baada ya shauri hilo, Septemba 30, 2017, Richmond waliifunga Adelaide katika fainali, wakatwaa ubingwa ambao hawakuwa wameupata tangu mwaka 1980. Houli alikuwamo uwanjani. Wakautwaa tena mwaka 2019 na mwaka 2020. Katika mwaka huo wa 2020, ugonjwa wa Korona ulipoilazimisha ligi kuhamia jimbo la Queensland, yeye alibaki kwanza Melbourne kwa sababu za kifamilia, kisha akaungana na wenzake na kuucheza ubingwa wa tatu.

Ametoka akiwa na medali tatu, lakini huenda kazi yake kubwa zaidi ni nyingine. Yapo mashindano ya shule za Kiislamu yanayoitwa kwa jina lake, na ipo programu ya kuwalea vijana Waislamu kupitia mchezo huo. Wengine wamefuata njia hiyo hiyo, kama Adam Saad, aliyeanza ligi kuu mwaka 2015. Na ligi hiyo haiko mbali nasi kama tunavyodhani: Aliir Aliir, beki aliyeteuliwa katika kikosi bora cha Australia mwaka 2021, alizaliwa mwaka 1994 katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma, Kenya, kwa wazazi wa Sudan Kusini. Houli mwenyewe ni mtoto wa wahamiaji. Wote wawili walipokewa mahali ambapo palikuwa na mtu mzima aliyewasimamia.

Mzazi asimame mlangoni

Basi wazazi wa Bukoba na Muleba tufanye nini? Kumkataza mtoto mwenye kipaji mara nyingi humfanya acheze kwa kujificha, na anayecheza kwa kujificha hana wa kumshauri. Kumwachia nako ni kumtupa. Iliyobaki ni njia ya kati: mzazi aende na mwanawe hadi mlango wa klabu, akae, aulize.

Aulize kwanza kuhusu mkataba. Kanuni za Shirikisho la Kimataifa la Mpira wa Miguu, FIFA, haziruhusu mchezaji aliye chini ya miaka 18 kufungwa mkataba unaozidi miaka mitatu, na kwa kawaida zinakataza uhamisho wa kimataifa wa mtoto wa umri huo, isipokuwa kwa sababu chache zilizotajwa. Kwa hiyo mtu anayefika Kamachumu akiahidi kumpeleka Ulaya mtoto wa miaka 15, na kutaka fedha za pasipoti, ahojiwe vizuri kabla ya mbuzi kuuzwa na kahawa kuwekwa rehani.

Aulize pili kuhusu ibada: swala za siku ya mazoezi, chakula cha Ramadhani, na safari. Timu ya Kagera ikienda Dar es Salaam kwa barabara husafiri zaidi ya kilomita 1,000, na msafiri ana ruhusa zake za kupunguza na kukusanya swala. Kijana afundishwe fiqhi hiyo madrasa kabla hajapanda basi.

Aulize tatu kuhusu jezi. Kampuni za kamari zimeingia kwa nguvu katika mpira wa nchi yetu. Mwaka 2017 Sonny Bill Williams, mchezaji Mwislamu wa raga wa New Zealand, alifunika nembo ya benki kwenye kola ya jezi yake kwa kuhofia riba, na baadaye yakafikiwa maafikiano. Si kila kijana atakuwa na nguvu ya kufanya hivyo peke yake; ndiyo maana swali hili liulizwe na mzazi, tena kabla ya kusaini. Likikosa jibu zuri, familia iende kwa sheikh wake ikatake ushauri, kisha iamue ikiwa na macho wazi.

Na baada ya yote hayo, mtoto abaki shuleni. Ikiwa Houli aliyefika kilele alicheza mechi 26 tu katika misimu yake minne ya mwanzo, wako maelfu ambao hawakucheza hata moja. Goti huvunjika, na kocha mpya huja na wachezaji wake. Kijana wa Nshamba mwenye cheti mkononi atakuwa na pa kurudi siku hiyo ikifika.

Wallahu a'lam. Tunamwomba Allah (SW) awahifadhi watoto wetu viwanjani na majumbani, na atupe sisi wazazi subira ya kuwasindikiza.