Foleni ya Muziki Ukumbini: Programu ya Simu na Suala la Zamu



Baadhi ya kamati za sharika zimetuuliza kwa nini kitengo cha vijana kinashughulika na programu ya simu ya kupanga nyimbo, wakati mahitaji mengine ni mengi. Swali hili ni la haki, na wafadhili wetu nao wanastahili jibu. Katika makala hii tunaeleza programu hiyo ni kitu gani, inavyofanya kazi, na kwa nini kazi kubwa ndani yake ni kuamua juu ya zamu.

Tatizo lenyewe

Ukumbi wa vijana una spika moja na masikio mengi. Jioni, mwenye simu iliyounganishwa na spika ndiye anayeamua wengine wasikie nini. Ugomvi unaotokea si mkubwa, lakini wanaoshindwa huwa ni walewale: wapole, wageni, na mara nyingi wasichana. Asiyesikilizwa kwa jambo dogo kama wimbo hujifunza kunyamaza hata kwenye mikutano, na baadaye tunalalamika kuwa vijana hawachangii mawazo.

Jambo hili si geni duniani. Mwaka 1889, katika jiji la San Francisco, Marekani, Louis Glass aliweka kwenye baa santuri iliyocheza baada ya kutumbukizwa sarafu. Wasikilizaji walitumia mirija ya masikioni. Baadaye mashine za aina hiyo zilipata spika, na wimbo wa mmoja ukawa wa wote. Kanuni ya zamu ilikuwa nyepesi: mwenye sarafu ndiye mwenye wimbo. Katika ukumbi wa vijana hatutaki kanuni hiyo.

Programu inavyofanya kazi

Kompyuta moja ndogo imeunganishwa na spika. Ndani yake kuna nyimbo, pamoja na orodha moja ya foleni. Kijana hujiunga na mtandao usiotumia waya wa ukumbini, hupiga picha msimbo uliobandikwa ukutani, na ukurasa wa nyimbo hufunguka kwenye simu yake. Anachagua wimbo, nao unaingia kwenye foleni ambayo kila mmoja anaiona. Hapakui kitu chochote wala hatumii bando, kwa kuwa kazi yote inafanyika ndani ya ukumbi bila intaneti.

Ni muhimu foleni itunzwe mahali pamoja tu. Ikiwa kila simu itakuwa na orodha yake, vijana wawili wakibofya kwa wakati mmoja kila mmoja atajiona ametangulia. Kompyuta ndiyo inayopokea maombi, inayapanga, kisha inazijulisha simu zote. Aidha, foleni inahifadhiwa kila inapobadilika, ili umeme ukikatika na kurudi, watu waendelee walipoishia.

Njia tatu za kupanga zamu

Njia ya kwanza ni aliyetangulia apewe. Tulianza nayo kwa sababu ni rahisi kuitengeneza na kila mtu anaielewa. Jioni ya kwanza ya majaribio vijana watatu waliwahi na kujaza foleni. Tukumbuke kwamba nyimbo 10 za dakika 4 ni dakika 40, na watu watatu wakiweka nyimbo 10 kila mmoja ni saa 2 kamili. Wasichana wawili waliofika baadaye walikaa pembeni, wakaondoka bila kusikia hata wimbo mmoja waliouchagua. Programu ilifanya kazi bila hitilafu, lakini dhuluma ilibaki ileile, na sasa ilikuwa na utaratibu wa kuihalalisha.

Njia ya pili ni kura. Kila mtu anaupigia kura wimbo anaoutaka, na wenye kura nyingi unapanda juu. Mwaka 2009 kampuni ya Apple iliweka huduma ya namna hii katika programu yake ya iTunes: wageni waliomba nyimbo na kuzipigia kura kwa simu zao. Wahenga walisema wengi wape, lakini hawakusema wachache wanyimwe. Tuseme ukumbini wamo watu 30, na 20 kati yao wanapenda bongo fleva, 10 wanapenda kwaya. Kwa kura peke yake, bongo fleva itaweza kupigwa usiku kucha, na wale 10 watasubiri bila mwisho.

Njia ya tatu ni mzunguko. Kila mtu anapata wimbo mmoja kabla mtu yeyote hajapata wa pili. Aliyeweka nyimbo 10 hanyang'anywi, bali wimbo wake wa pili unasubiri wengine wapate wa kwanza. Anayeingia amechelewa anawekwa kwenye mzunguko unaoendelea. Hii ndiyo njia tuliyoichagua. Kura hatukuzifuta: zinamsaidia mwenye zamu kuona wimbo upi kati ya nyimbo zake unapendwa zaidi, lakini haziwezi kumwondolea zamu yake.

Changamoto tulizokutana nazo

Kwanza, wapo waliojiandikisha kwa majina mawili ili wapate zamu mbili. Tumeweka kanuni ya simu moja, zamu moja. Haizuii udanganyifu wote, lakini majina yanaonekana kwa wote, na aibu inafanya sehemu iliyobaki.

Pili, simu nyingi zikigundua kuwa mtandao wa ukumbini hauna intaneti hurudi zenyewe kwenye bando la mtumiaji. Bango la ukutani sasa linaeleza namna ya kuizuia simu isihame.

Tatu, na hili ni kubwa zaidi, wapo vijana wasio na simu janja. Kwao tumeweka daftari mezani kwa msimamizi, naye anaingiza wimbo kwa jina la mhusika. Zamu ya daftari ni sawa kabisa na zamu ya simu. Bila daftari hilo, mradi huu ungewabagua wale ambao umekusudiwa kuwasaidia.

Nne, ni hakimiliki. Kupiga muziki mbele ya umma si sawa na kuusikiliza nyumbani. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inalinda haki za watunzi na wasanii wa Tanzania. Hali kadhalika, huduma kama Spotify, iliyoingia nchini mwaka 2021, masharti yake yanaruhusu matumizi binafsi yasiyo ya biashara. Kwa hiyo kamati isidhani kwamba kulipia huduma hiyo kunatosha kwa ukumbi. Iulize COSOTA kabla ya kuanza.

Ombi letu kwa kamati

Sharika zinazotaka programu hii zisianze na ununuzi wa vifaa. Zianze kwa kuwakutanisha vijana na kukubaliana nao mambo matatu: zamu ziende vipi, nani ana mamlaka ya kuondoa wimbo, na asiye na simu atahudumiwaje. Makubaliano hayo yaandikwe na kubandikwa ukutani. Ukumbi ambao haujaweza kukubaliana kwa daftari na kalamu hautakubaliana kwa kompyuta.

Kwa wafadhili wetu tunasema hivi: Tukitoa taarifa ya mradi huu hatutahesabu nyimbo zilizopigwa. Tutaangalia ni vijana wangapi tofauti walipata zamu kila jioni, na wangapi kati yao ni wasichana.