Zinki kwa mtoto anayehara: kipi kweli, kipi si kweli?

"Tumbo likishatulia, vidonge viachwe."
Si kweli, na hili ndilo linalonisumbua kuliko mengine yote. Mtoto wa Buyenzi au Kinama, hapa Bujumbura, anaandikiwa zinki ya siku 10 hadi 14. Siku ya tatu choo kinashika, na vidonge vilivyobaki vinawekwa vimngoje mdogo wake. Lakini mtoto anapohara hupoteza zinki pamoja na maji. Vidonge vya mwanzo hufupisha kuhara. Vinavyofuata hurudisha akiba iliyopotea, utumbo ukapona na kinga ikapata nguvu. Anayemaliza dozi huwa na uwezekano mdogo wa kurudiwa na kuhara kwa miezi miwili mitatu.

Burundi tuna sababu ya ziada ya kulishikilia jambo hili. Utafiti wa kitaifa wa 2016–2017 ulikuta watoto 56 katika kila 100 wa chini ya miaka mitano wamedumaa. Majaribio ya nchi mbalimbali yameonyesha kwamba zinki hupunguza kuhara kwa takriban nusu siku kwa mtoto aliyetimiza miezi sita. Kwa mwenye utapiamlo, hupunguza karibu siku nzima. Na ugali wa muhogo, chakula chetu cha kila siku, hauna zinki ya kutosha.

"Mwenye zinki hahitaji SRO."
Si kweli. Kinachoua ni kuishiwa maji, na SRO, ile chumvi ya pakiti inayochanganywa na maji ya kunywa, ndiyo inayorudisha maji na chumvi. Mtoto apewe vyote viwili, na titi lisikatishwe. WHO na UNICEF wamesisitiza hivyo tangu 2004.

"Zinki inatapisha."
Kweli, kwa baadhi ya watoto. Jaribio la watoto 4,500 wa Dar es Salaam na Delhi, lililochapishwa 2020, lilikuta watoto 19 katika 100 waliopewa miligramu 20 wakitapika ndani ya nusu saa. Waliopewa miligramu 5 walikuwa 14, na kuhara kwao hakukuzidi. Hata hivyo, usipunguze dozi mwenyewe nyumbani. Mweleze muuguzi. Kidonge kiyeyushwe katika kijiko cha maji safi au maziwa ya mama.

"Flagyl ndiyo dawa ya kuhara."
Si kweli kwa kuhara maji kwa kawaida. Imodium nayo mtoto mdogo asipewe kabisa.

"Ni meno tu."
Si kweli. Meno yanayoota hayaharishi, na kumng'oa mtoto yale yanayoitwa meno ya plastiki ni kumwongezea kidonda na maambukizi juu ya ugonjwa alio nao.

Mtoto akishindwa kunywa, macho yakididimia au choo kikiwa na damu, mpeleke kituo cha afya siku hiyohiyo. Tangu Mei 2006, matibabu ya watoto wa chini ya miaka mitano katika vituo vya serikali nchini Burundi ni bure.