Lugha ya Kuripoti Hitilafu: Programu za Grafu na Mtumiaji wa Nundu

Makala haya mafupi yanakusudia kuonyesha kwamba kuripoti hitilafu ya programu ya kuchora grafu ni kazi ya lugha kabla ya kuwa kazi ya ufundi.

Tuchukue mfano wa mwalimu wa hisabati aliyeko Nundu, kwenye barabara itokayo Uvira kwenda Baraka. Mwalimu huyu anatumia programu ya aina ya GeoGebra, ambayo Markus Hohenwarter aliianzisha katika Chuo Kikuu cha Salzburg, Austria, mwaka 2001. Programu inapomkatikia kazini, anaandika: "Imekufa." Kisarufi sentensi hiyo haina kasoro, lakini haimwambii mrekebishaji kama programu iliganda, ilijifunga, au ilichora grafu isiyo sahihi. Wala haimwezeshi kuirudia hitilafu kwenye mashine yake. Na hitilafu isiyorudiwa ni vigumu kuirekebisha.

Sarufi ya Kiswahili ina nyenzo za kutosha. Kiambishi -ka- hupanga matendo kwa mfuatano: "Nilifungua faili jipya, nikaandika f(x) = 0,5x, nikabonyeza kitufe cha kuingiza, programu ikajifunga." Aidha, "ilijifunga" husimulia tukio moja, ilhali "hujifunga" hudai kwamba jambo limejaribiwa mara kadhaa. Msemaji wa Kivu, ambaye aghalabu hutumia -ag- mwishoni mwa kitenzi badala ya hu-, anayo tofauti hiyo hiyo.

Yapo pia mambo ambayo mwandishi huyaona ya kawaida mno hata asiyataje. Elimu ya Kongo hufuata desturi ya Kifaransa, hivyo nusu huandikwa 0,5. Tanzania na Kenya huandika 0.5. Programu nyingi huuchukulia mkato kuwa kitenganishi cha vipengele viwili. Mrekebishaji wa Dar es Salaam akijaribu kwa 0.5 huenda asione hitilafu yoyote, akajibu kwamba programu ni nzima. Kwa hiyo ripoti haina budi kutaja toleo la programu, mfumo wa kompyuta, lugha iliyowekwa, na fomula kama ilivyoandikwa, alama kwa alama.

Mkato usipotajwa, mwalimu hudhaniwa kuwa mzembe, na hitilafu hubaki palepale kwa wote waandikao kama yeye.